Gari la Mbao Lililobaki Bandani

Shemeji wa rafiki yangu seremala hadi leo anamlaumu kwa kumkosesha lile gari. Lilikuwa gari kuukuu la familia, refu, lenye mbao ubavuni, na shemeji alikuwa amelipenda kupita kiasi.

"Macho yangu yameshapofushwa na mapenzi," alimwambia. "Nitazamie wewe. Ukisema ndiyo, nanunua."

Mwenye gari, mama mmoja mjane, aliwafungulia banda nyuma ya nyumba. Humo mlikuwa na giza hata mchana. Seremala akaingia ndani ya gari kwa mlango wa nyuma, akajilaza sakafuni, kifua kikigusa ubavu wa gari, akawa anagonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ubao mzima hulia kavu. Uliooza hutoa sauti nzito.

Zote zililia kavu. Alipoacha kugonga, akasikia mtu akigonga kwa nje.

"Shemeji, acha utani wako."

"Utani gani tena?" Sauti ya shemeji ilitoka mbali, uani, alikokuwa akizungumza na yule mama.

Seremala akabana pumzi. Mlio ukaendelea. Ulianzia miguuni pake, ukaja taratibu, ubao baada ya ubao, ukitua kila baada ya pigo kama mtu anayetega sikio. Mlio ukapita magotini, ukapita kiunoni, ukafika usawa wa kifua chake. Hapo ukagonga, ukanyamaza. Kisha ukagonga tena palepale, polepole zaidi, kama afanyavyo fundi akishapata penye ubovu.