Sikio Lisilojua Utani

Mikono sita ya chuma ilishuka kutoka darini, ikakumbatia magurudumu ya mbele ya gari, ikayatikisa kulia, kushoto, kulia tena. Ncha nyembamba ziligusa kila kiungo cha usukani na kusikiliza mlio wake, kama mkunga anavyosikiliza tumbo la mjamzito. Umati ukasogea karibu. Kisha sauti ikatoka juu: "Usukani salama!"

Vigelegele! Na kwa nini visipigwe? Morogoro ya siku hizo haikuagiza gari popote. Nyumba nyingi zilikuwa na kichapavyuma, mtambo unaomimina chuma tabaka juu ya tabaka hadi kipuri kinakamilika, na watu walijiundia magari uani kwao, baba anakaza nati, mama anaunga nyaya. Lakini gari haliingii barabarani mpaka lipimwe na Sikio, mashine ile ya mikono sita. Na Sikio lilibuniwa na Mhandisi Tausi Kobelo, Mluguru wa Mgeta, ambaye siku hiyo alisimama kifua mbele, maana gari lililopimwa lilikuwa lake mwenyewe. Aliliunda kwa mikono yake, akaliita Mwali.

Mhandisi mwenzake, Mihayo, akapitisha mkono dirishani na kuutikisa usukani. Mihayo alikuwa Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za mababu. Wanasutana hata msibani na hakuna anayenuna.

"We Mluguru," akasema, kila mtu asikie, "mwali wako mbona anatikisa kiuno kabla ngoma haijalia?"

Watu wakavunjika mbavu kwa kicheko.

"Nyamaza, Mnyamwezi! Babu zako walikuwa wapagazi. Nyinyi mnajua mzigo wa kichwani, usukani mtaujulia wapi?"

"Haya, bibie. Nami napanda humo humo. Ukifa, nani atakutania matangani?"

Wakaondoka kuelekea Mgeta, ambako mama yake Tausi alikuwa akingoja kwa hamu kuliona gari la mwanawe. Mwali alipanda mlima vizuri, Tausi akiimba kwa furaha. Kwenye kona kali akakata usukani. Ukazunguka mikononi mwake mwepesi mno, magurudumu yakaendelea moja kwa moja. Kiungo kilikuwa kimechomoka.

Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likajibamiza kwenye ukingo wa mlima, upande aliokaa Mihayo.

Madaktari waliunga mfupa wa mguu wake, lakini hawakumficha: angechechemea maisha yake yote. Tausi alikaa kando ya kitanda, macho yamemvimba.

"Mbona hukuniambia, Mihayo?"

"Nilikwambia mbele ya watu."

"Nilidhani utani!"

"Na mimi mtani wako ningekwambiaje? Mkono wangu ulisikia kiungo kinacheza, kidogo tu. Lakini Sikio lako lilikuwa limeshasema salama. Nikauona mkono wangu ndio mwongo, nikapanda."

Lo! Afadhali angemtukana. Tausi alirudi karakana akiwa na swali moja: Sikio lilishindwaje kusikia alichosikia mkono wa mtu?

Akachimbua mafunzo ya Sikio. Sikio lilikuwa limefundishwa kwa rekodi za mafundi wakiwa kazini, mlio wa kiungo pamoja na neno la fundi aliyekishika. Kilicholegea sana, fundi alisema wazi: "Hiki kibovu, toa." Kilicholegea kidogo, fundi hakutaka kumvunjia mwenye gari heshima, akatania: "Gari lako limeanza kukata mauno." Tausi, kwa kutaka rekodi safi, aliyafuta matani yote akiyaita makelele. Pamoja nayo ikafutika milio ya kulegea kudogo. Sikio lilijua ugonjwa uliokomaa. Unaoanza halikuwahi kufundishwa.

Akayarudisha matani yote, mengine yakimchekesha huku machozi yanamtoka. Kisha akatangaza kosa lake hadharani, na magari yote ya mji yakaitwa kupimwa upya.

La kwanza lilikuwa la mama mmoja wa Kihonda, limeng'arishwa hadi unajiona. Mikono ikalikumbatia. Kisha sauti ikatoka juu: "Mama, gari lako linakata mauno, na harusi bado!"

Umati ukaangua kicheko. Yule mama naye akacheka, halafu akaacha ghafla. Akakunja mikono ya gauni, akaomba spana.

Siku Mihayo alipoanza kutembelea mkongojo, Tausi alimleta Mwali aliyeundwa upya. Sikio likasikiliza, likasema: "Usukani salama!" Vigelegele vikapanda, lakini Tausi hakuingia garini. Akageuka akamtafuta mtu kwenye umati.

"Mnyamwezi! Njoo ushike."

Mihayo akaja akichechemea, akauegemeza mkongojo mlangoni. Akautikisa usukani kulia. Akautikisa kushoto. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza. Watu walikuwa wamekwishajiandaa kucheka.

"We Mluguru," akasema taratibu, "leo sina la kukutania."

Tausi alikuwa amewahi kuvishwa nishani, lakini hakuna sifa iliyowahi kumjaa kifuani kama hiyo. Akafuta macho kwa kiganja chenye grisi, akamfungulia mlango.

"Panda basi, Mnyamwezi. Mama bado anangoja."