Tuneli ya Kamere

Aliyetusimulia kwanza ni Jepkorir, dada yake Kiprugut, Krismasi ya 2023, na alikataa taa izimwe.

Kiprugut na Oduor walitunza mitambo ya intaneti katika ofisi moja mjini Nakuru. Waya wao mkuu ulipita Kabazi, ambako wachimbaji walikuwa wamekata mtaro katikati ya kaburi la zamani lisilo na alama. Kiprugut ndiye aliyepanga tuneli ya akiba: waya wa Kabazi ukikatika, mawasiliano yahamie yenyewe, papo hapo, kwenye njia ya pili kupitia mnara wa Kamere. Kulikuwa na njia fupi zaidi. Lakini mkewe Rahab na mtoto walipanga chumba karibu na mnara huo, na kila ukaguzi ungemfikisha nyumbani.

Siku moja mtambo ulianza kunuka udongo mbichi.

"Boss, umepanda viazi humu?" Oduor alimtania.

Kisha jembe likasikika ndani ya simu ya ofisi, likichimba polepole. Oduor aliiweka sikioni. Alipogeuka, mdomo wake ulikuwa umejaa udongo. Hakufika hospitali.

Mama Waithera, mwombezi wa Kabazi, alisimama na Kiprugut kwenye ule mtaro, ukungu ukishuka.

"Hili jini la kaburi limeufanya waya kuwa barabara yake," alinong'ona. "Nikisema kata, kata. Likose pa kupita."

Akaomba, na ardhi ikaanza kuhema, na ile harufu ikapanda mpaka kooni, na jembe likasikika chini ya nyayo zao, likichimba upesi, upesi zaidi, likiufuata waya kama mbwa anayefuata damu, hadi mama akapiga kelele, "Kata!"

Kiprugut akakata. Kimya. Ndege wakalia tena.

"Limeenda, mathe?"

"Limeenda, mwanangu."

Simu ya Kiprugut ikaita. Ilikuwa Sue, wa ofisini. "Kip, hongera! Waya umekatika na hakuna customer hata mmoja amejua. Tuneli yako imeshika poa sana!"

Hakuwa ameizima ile njia ya Kamere.

Akampigia mkewe. "Rahab, toka nje na mtoto! Sasa hivi!"

"Ongea polepole," Rahab alinong'ona. "Kuna mtu anachimba chini ya kitanda cha mtoto."

Oduor tulimzika. Mama Waithera yuko hai, ila hashiki simu. Kiprugut na Rahab wako hai. Mtoto wao, Jepleting, yuko hai pia. Ukimbusu, utabaki na udongo midomoni.