Viti Vyekundu vya Lulubao

Jua lilikuwa linajificha nyuma ya maghorofa ya mtaa wa Kwun Tong pale Pui-shan alipomshika mkono binti yake, Lok-yiu, wakashuka uwanjani kuchukua mchele. Kila mwaka, mwezi wa mizimu, wafu wanaporudi kutembea duniani, wazee wa mtaa hugawa mchele wa baraka. Mama yake Pui-shan alikuwa amemtuma mfuko mmoja tu. Auchukue, arudi.

Lakini watu wa Lulubao walikuwa wamewahi.

Lulubao ni kiboko wa rangi ya waridi, macho kama sahani, akili kama ya mto wa kulalia. Hadithi yake kwenye televisheni ni fupi kuliko matangazo yake. Lok-yiu, mtoto wa miaka sita, alikuwa na chupa ya Lulubao, mswaki wa Lulubao, hata plasta ya kidonda ya Lulubao, na bado kila kukicha alitaka kingine. Mwaka huu wachuuzi hao wasio na haya walilipia jukwaa la mianzi, lile la opera ya kuwaburudisha wafu, wakaligeuza duka.

Na safu ya mbele wakaiuza.

Safu ile haikaliwi. Viti vyekundu huachwa vitupu, ubani ukiwaka mbele yake, kwa sababu ni vya "ndugu wema", jina wanaloitwa wafu wenye njaa ili wasiudhike. Sasa vilifungwa riboni za waridi. Nunua mdoli mkubwa, mwanao akae mbele.

"Mama, nataka pale."

"Hapana. Pana wenyewe."

"Wako wapi? Mbona siwaoni?"

"Dada, usimnyime mtoto raha," muuza midoli akadakia, meno yote nje. "Mizimu haina pochi."

Pui-shan akacheka. Alicheka, mjinga yule, akatoa pesa.

Onyesho likaanza. Lulubao aimbe ubeti mmoja, asimame auze begi. Aimbe tena, auze dawa ya meno. Na wazazi, watu wazima na akili zao, wanapiga makofi.

Kisha harufu ya ubani ikawa kali... ingawa vijiti vyote vya ubani vilikuwa vimeng'olewa tangu mchana.

Baridi ikashuka. Katikati ya joto la Agosti, Pui-shan aliona pumzi yake ikitoka kama moshi. Kule mbele Lok-yiu alisogea kidogo, kama anayempisha mtu. Akasogea tena. Halafu mgongo wake ukapinda, kama mtoto aliyekaliwa mapajani na mtu mzima. Safu nzima ikapinda pamoja naye.

"Mnataka niniii?" Lulubao akapaza sauti.

"Wali."

Watoto wa safu ya mbele ndio waliojibu, lakini zilikuwa sauti za wazee.

Umati ukaangua kicheko, ukidhani ni tangazo jingine. Pui-shan aliruka kizuizi, akambeba mwanawe mbio. Mtoto alikuwa mwepesi mno.

Nyumbani Lok-yiu hakutaka mdoli wala katuni. Alisimamisha vijiti vya kulia wimawima kwenye bakuli la wali, jinsi wanavyotengewa wafu, akainama akanusa mvuke. Hakula hata punje. Pui-shan alipoonja wali ule, haukuwa na ladha yoyote.

Bibi, mama yake Pui-shan, alimtazama mjukuu wake, akageuza uso.

"Huyu siye," alinong'ona. "Lok-yiu yuko bado kule kwenye kiti. Kesho tukamwite. Nipe nguo yake, roho yake iitambue."

Pui-shan akafungua kabati. Lulubao. Akavuta droo. Lulubao. Soksi, suruali, nguo za kulalia, kote kiboko yule anakenua.

Mama yake akasonya. "Hana hata kitambaa kimoja chake mwenyewe?"

"Mama, si ndivyo wanavyovaa watoto wote?"

"Ndicho ninachokiogopa."

Jioni iliyofuata mafundi walikuwa wanavunja jukwaa. Viti vyekundu havijaguswa. Pui-shan akaipunga fulana ya mwanawe.

"Lok-yiu, rudi nyumbani! Lok-yiu, mama anakuita!"

Akaipunga tena.

"Mama?" Kiti cha kwanza.

"Mama, hiyo fulana yangu." Kiti cha pembeni kabisa.

"Yangu hiyo! Nataka nyumbani!"

Safu nzima ikalia. Sauti ndogondogo, zote zikiitaka fulana moja iliyouzwa kwa maelfu.

"Yupi wako?" Bibi alimbana mkono. "Sikiliza. Wewe ndiye mama yake."

Pui-shan alisikiliza hadi machozi yakamtoka. Kwa muda mrefu alikuwa amezoea kusikia neno moja tu kutoka kwa mwanawe, nataka, na hapa wote walilisema vilevile. Kitu cha baridi kikajipenyeza ndani ya fulana, kikamng'ang'ania kidole. Akaikunja fulana upesi, akakimbia nayo.

Nyumbani waliitandaza juu ya kifua cha mtoto. Rangi ikamrudi mashavuni. Akaketi, akaomba chakula, akala wali hadi bakuli likawa jeupe. Bibi alilia kwa furaha. Pui-shan alimkumbatia, akambusu utosini, akacheka kama mwehu.

Mtoto akafuta mdomo, akaweka vijiti chini kwa adabu.

"Asante, shangazi," alisema. "Mama yangu atakuja kunichukua saa ngapi?"