Chumvi Ndani ya Tangi

Kila asubuhi Mzee Waithaka wa Mau Narok aliomba, akanywa chai, kisha akashuka mtoni kuwasha pampu. Pampu ilisukuma maji mpaka kwenye tangi juu ya kilima. Watu na ng'ombe wote walikunywa maji hayo.

Mzee alianza kuitunza pampu ile shamba likiwa bado la mzungu. Lakini miaka mingi kwenye trekta ilikuwa imemharibia masikio. Tangi likijaa, Wamaitha, mke wa mwanawe, alisimama kilimani akaita mpaka sauti ikakauka. Mzee hakusikia. Maji yalimwagika, yakateremka hadi kwenye ghala la viazi vya mbegu. Magunia ya chini yakaanza kuoza.

Hiram, mwanawe, aliinama karibu na sikio lake.

"Baba, Jumatatu yule kijana Kosgei atakuja kushika kazi ya pampu. Wewe upumzike."

"Nipumzike, kwani nimechoka?"

"Mbegu zinaoza, baba. Mvua ikija tutapanda nini?"

Mzee aliweka kikombe chini polepole. "Mkinikalisha jikoni na kuku, mtanizika kabla ya mavuno."

Akatoka nje. Wamaitha alimwangalia akishuka mtoni, fimbo mkononi.

"Baba Wanjugu," alimwambia mumewe, "mzee hasikii, lakini macho anayo. Jana aliona kunguru kwenye mahindi ng'ambo ya mto. Mtafutie taa. Tangi likijaa, taa iwake."

Neno hilo lilimwingia Hiram. Alienda Salgaa, akanunua taa ya nyuma ya lori lililoanguka. Betri ya gari alikuwa nayo. Ndani ya redio kubwa iliyokufa alitoa transista moja nene, ya chuma. Transista ni kama lango la umeme. Ukiipa umeme kidogo, inafungua njia ili umeme mwingi upite.

Hiram alifunga nyaya mbili ndani ya tangi, juu kabisa. Maji yakizifikia zote mbili, umeme kidogo utapita ndani ya maji, uende kufungua transista, na taa iwake. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Tangi lilijaa. Taa haikuwaka.

"Maji haya hayana nguvu," alisema Hiram. Alikumbuka kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Akachukua mfuko wa chumvi ya ng'ombe, akaumwaga wote ndani ya tangi.

Sasa taa ilionyesha wekundu kidogo, kama sigara ya mtu aliye mbali. Hiram alifurahi. Akagusa transista, akarudisha kidole mbio na kukitia mdomoni. Ilikuwa moto kama kikaango.

Wakati wa chai ya saa nne mzee alionja kikombe chake. Akatazama ndani. Akamtazama mwanawe.

"Nani amelia machozi ndani ya chai hii?"

Wamaitha alicheka mpaka akashika mlango. Huko nje ng'ombe walikuwa wakisukumana kwenye birika lao. Hawakuwa wamewahi kupenda maji namna ile.

Siku iliyofuata Hiram na Wamaitha walipanda lori la viazi mpaka Nakuru. Walienda kwa Jagdish na mkewe Shakuntala, watengenezaji wa redio. Jagdish alikuwa na wateja. Shakuntala ndiye aliyekaa mezani, akiunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa. Alisikiliza habari yote bila kuinua kichwa. Ilipofika kwenye chumvi, akainua.

"Bwana Hiram, wewe umepika supu ya tangi?"

"Mama, usinicheke. Nina kidonda kidoleni."

"Haya, nionyeshe hiyo transista." Aliigeuza mkononi. "Hii ni nzima. Kosa ni kazi uliyoipa. Nyumbani mna zizi?"

"Tunalo," alisema Wamaitha.

"Lango lake zito?"

"Zito sana."

"Sasa mtoto mdogo alisukume. Atalifungua?"

"Kidogo tu. Nusu nusu."

"Ng'ombe watapita vipi hapo?"

"Watabanana. Watajisugua kwenye nguzo mpaka ngozi ichubuke."

"Basi umemaliza, mama. Lango likifungwa, hakuna anayepita, hakuna joto. Likifunguka lote, wanapita bila kusuguana, joto ni kidogo. Likiwa nusu, hapo ndipo moto. Umeme wa kwenye maji ni huyo mtoto. Nguvu yake ni ndogo sana kwa lango kubwa hili."

"Ndiyo maana nikatia chumvi," alisema Hiram. "Kumpa mtoto nguvu."

"Mtoto hapewi chumvi. Mtoto anaita dada yake." Shakuntala alichukua transista ndogo, kama punje ya mahindi. "Huyu ndiye dada. Lango lake ni jepesi, mtoto analiweza. Yeye akishaitwa, anachukua nguvu kwenye betri yenyewe, halafu anasukuma lango kubwa mpaka mwisho."

"Naye dada akisukuma kupita kiasi?" aliuliza Wamaitha.

Shakuntala alimtazama kwa furaha. "Hilo ni swali la fundi. Tunaweka hiki kidude, rizista. Kinapunguza umeme, usipite kiasi. Kimoja kwa dada, kimoja kwenye waya wa tangi." Kisha akafunga transista kubwa juu ya kipande cha mfuniko wa sufuria. "Joto lililobaki litaishia hapa. Na sikilizeni vizuri. Hii ni ya betri ya gari tu. Umeme wa ukutani usiguse maji hata siku moja. Huo unaua."

Jumamosi waliosha tangi, wakafunga taa juu ya mti mrefu, ikitazama mtoni. Mzee alishuka, akawasha pampu, akaketi juu ya jiwe. Hakuna aliyemwita. Hata Wamaitha alinyamaza, mikono kifuani, akiomba kimoyomoyo.

Maji yalipanda. Yakagusa nyaya. Taa ya lori ikawaka nyekundu, kali, kama jicho la jogoo.

Mzee alisimama, akazima pampu. Halikumwagika tone. Hiram aligusa transista kwa kidole kilekile cha juzi. Ilikuwa na uvuguvugu tu, kama yai lililotoka kutagwa.

Wamaitha akapiga vigelegele. Mzee hakuvisikia, lakini alimwona akirukaruka kilimani. Akavua kofia, akaipunga.

Jumatatu Kosgei alifika mapema, tayari kwa kazi ya pampu. Alimkuta mzee yuko mtoni, amevaa koti lake la Jumapili.

"Kijana, hapa pana mwenyewe," alisema mzee. "Nenda ghalani ukatoe magunia. Mbegu zimekauka, na mvua inakuja. Mikono inahitajika huko."

Kosgei alicheka, akaenda. Mwaka huo walipanda shamba lote.

Waliosikitika ni ng'ombe peke yao. Kwa muda mrefu walionja maji ya birika, wakainua vichwa, wakamtazama Hiram.