Chupa ya Marehemu Molupe

Dawa ilikuwa imepungua. Puseletso aliinua chupa dirishani, akatazama mstari aliouchora kwa kalamu alfajiri, akaona dawa imeshuka chini yake kwa upana wa vidole viwili. Alikuwa amempa mama mkwe wake kijiko kimoja tu. Nyumbani walikuwa wawili, mume wake yuko migodini ng'ambo ya mpaka, na huyo mama hakuweza hata kuketi. Chumba kilinuka blanketi la sufu lililolowa, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu.

Mofini hiyo, dawa kali ya kutuliza maumivu, ilikuwa ya baba mkwe, Ntate Molupe, aliyekufa kwa saratani ya koo. Daktari alimwandikia kijiko kila baada ya saa nne. Sheria inasema mgonjwa akifa, iliyobaki irudishwe hospitali ya wilaya, imwagwe mbele ya shahidi. Sheria tamu hiyo, kwa asiyeumwa. Mjane wake, mama Matseliso, alikuwa na uvimbe wa titi uliozidi kumtafuna siku zilezile za matanga. Pale kijijini Ha Sekoala muuguzi haruhusiwi kuandika mofini, na daktari huja kwa ndege ndogo mara moja kwa mwezi, mawingu yakipenda. Miezi miwili hayakuwa yamependa.

Chini bondeni kuna mabanda ya plastiki ambamo bangi ya dawa hulimwa kwa kibali cha serikali, ikaponye wagonjwa wa Ulaya. Wagonjwa wa Ha Sekoala hupata harufu, upepo ukivuma. Binamu yake Puseletso hufanya kazi humo, na akitoka hukaguliwa hadi kucha.

Basi Puseletso akaificha ile chupa, na nani angemlaumu? Kosa lake lilikuwa jingine. Kwao, vitu vyote vya marehemu hutolewa uani baada ya maziko, mzee wa upande wa mjomba wake akavigawa, ndipo marehemu aende zake. Siku hiyo mzee aligawa blanketi la sufu, buti za mgodini, kikombe cha bati na kijiko chake, kisha akamgeukia Puseletso.

"Ndivyo vyote, mkwe? Ndani hakukubaki kitu?"

"Ndivyo vyote, mzee wangu."

Alilisema hilo mbele ya watu, na chupa imo kwenye pipa la unga.

Tangu hapo, kila ilipofika saa nne asubuhi, jua limewaka na kuku wanaparura mlangoni, kijiko kiligonga bati mle chumbani. Ko, ko, ko. Ndivyo marehemu alivyokuwa akiitisha dawa koo lilipoziba sauti. Kikombe chenyewe kilikwisha kwenda kijiji cha tatu.

"Mama, umesikia?" Puseletso alinong'ona.

"Mbona namsikia siku zote. Mpe kidogo, mwanangu."

"Nikimpa yeye, wewe nitakupa nini?"

Mama Matseliso akafikiri. "Basi nyamaza. Ukimjibu atajua tumo."

Lakini alijua wamo. Siku ya tano ya kugonga huko, saa nane mchana, Puseletso alikuwa ameikumbatia chupa kifuani, kifuniko kimekazwa, mlango umekomewa kwa ndani, na bado akaihisi ikipungua uzito mikononi mwake, funda baada ya funda, huku harufu ya sufu iliyolowa ikimjia usoni pamoja na pumzi ya baridi yenye uchungu wa mofini, na kando ya sikio lake koo la mtu likimeza kwa shida, likipumzika, likimeza tena, naye asithubutu kugeuka wala kupiga kelele kwa kuhofia kumwogopesha mgonjwa.

Asubuhi yake akaenda kwa mganga Phakoe, akamweleza yote.

"Ulimdanganya nani?" Phakoe aliuliza.

"Mzee wa mjomba."

"Huyo uliyemwona. Mwenye mali alikuwa amesimama nyuma yake. Ukaizike kaburini kwake, na usibakize tone."

"Na mama atakunywa nini?"

Phakoe akajikuna shingo. "Mimi nafukuza wafu, binti yangu. Maumivu ya walio hai kaulize serikali."

Wakaizika mchana huohuo. Mganga akamwaga maji yenye mshubiri, akaita ukoo wote kwa majina, na kweli, siku mbili nyumba ilitulia.

Mama Matseliso ndiye hakutulia. Alilia hadi sauti ikakauka, akatafuna ncha ya blanketi, akamshika Puseletso mkono. "Nimekukosea nini, mwanangu? Niambie nikuombe radhi."

Puseletso alikimbia zahanati. Muuguzi alimsikiliza machozi yakimlengalenga, akafungua droo.

"Panadoli kumi hizi hapa, dada. Hiyo nyingine nisipoandikiwa na daktari nafungwa. Watu wa ndege wamesema labda wiki ijayo."

"Wiki ijayo atakuwa hai?"

Muuguzi akamtia vidonge mkononi. Puseletso alipita nyumbani bila kuingia, akapanda kaburini, akapiga magoti, akafukua kwa mikono jua likiwa utosini, akilia na kumwomba marehemu msamaha kwa jina lake. Chupa ilikuwepo. Akaifuta kwa gauni, akashuka nayo mbio.

Mama Matseliso alimeza kijiko kizima. Puseletso akamshika kichwa, akahesabu pumzi, akaona mikunjo ya paji la uso ikilainika na mikono ikiachia blanketi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili naye akapumua. Midomo ya mama ikafunguka.

"Asante, mkwe," ikasema sauti nzito ya kiume, iliyokwaruza. "Usinifiche tena."

Kisha, kutoka mbali ndani ya koo lilelile, mama Matseliso akalia taratibu. "Mimi bado naumwa, mwanangu. Anakunywa yeye. Niongeze, labda kitanifikia."

Puseletso alitazama dirishani. Tangu atoke kaburini mawingu yalikuwa yamefunika milima yote, ndege isingetua. Akajaza kijiko cha pili, na ile midomo ikajitokeza kukifuata kabla hajakifikisha.