Ombi Lililokamilishwa kwa Haraka

Saa saba mchana kantini ya kampuni ilikuwa imefurika. Fundi wa mfumo alikuwa na sahani mkononi, akitafuta pa kukaa, alipozibiwa njia na mwanamke mwenye blauzi ya njano aliyebeba kompyuta ikiwa wazi. Alikuwa afisa ugavi wa ghorofa ya tatu, ambaye ofisi nzima ilimwita Miwani.

"Wewe ndiye fundi? Ombi langu la vipuri limegoma. Linasema hatua haijakamilika."

Fundi alitazama, akatabasamu. "Mfumo uko sawa, dada. Kuna mtu mmoja tu hajabonyeza 'thibitisha'."

"Nani huyo mzembe nimfuate?"

"Wewe."

Miwani alicheka mpaka machozi. Mapenzi yao yalianzia hapo, wakibanana kwenye meza moja, yakaendelea mwaka mzima kwa simu za "umekula, laazizi?" na utani usioisha.

Kisha siku moja Miwani akampigia simu. "Wananitaka nikaongoze ugavi tawi la mbali. Ni safari ya siku nzima kutoka hapa."

"Hongera, mpenzi. Unastahili."

"Ni hilo tu?"

"Cheo ni cheo, mama."

Moyoni alitaka kumsihi abaki, lakini aliona kumzuia mwenzake asipande ni uchoyo. Basi akaamua kufa na tai shingoni. Miwani naye hakusema zaidi. Uhamisho wake ulipitishwa na wakubwa wote mfumoni, ikabaki hatua ya mwisho, yeye mwenyewe kuthibitisha. Wiki tatu hakuigusa.

Ndipo mkurugenzi alipokuja juu: maombi thelathini na saba yamekwama, anataka yaishe kabla ya chakula cha mchana. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Unafungua ombi mojamoja, unampigia mwenye ombi, unamuuliza kwa nini ameliacha. Fundi aliujua vizuri, tena aliwafundisha wengine. Siku hiyo aliyachagua yote kwa pamoja, akatumia mamlaka yake kuyakamilisha, akaenda kula.

Tangu siku hiyo Miwani hakupokea simu zake. Siku ya tano fundi akafungua kumbukumbu za uhamisho ule. Aliyekamilisha hatua ya mwisho alitajwa kwa namba ya kazi, na namba yenyewe ilikuwa yake fundi. Akaenda moja kwa moja kwa Miwani.

Alimkuta nyumbani, katikati ya maboksi, kanga kiunoni, macho yamevimba.

"Niliiona namba yako," Miwani alisema. "Nikajua umeniruhusu niende. Umeshindwa hata kuniambia."

"Sikujua ni wewe, mpenzi. Niliyakamilisha yote kwa mpigo. Sikusoma majina."

Miwani alikaa juu ya boksi. "Bora ungeniambia ulikuwa umenichoka."

"Naweza kuirudisha nyuma. Dakika mbili tu."

"Mfumoni utairudisha. Nafasi yangu ameshapewa mama mmoja aliyeomba kwa miaka miwili ahamie hapa, yuko mbali na wanawe. Nimwambie asije?"

Fundi alitikisa kichwa. Alijuta kuliko alivyowahi kujutia jambo lolote, na majuto hayakumsaidia chochote.

"Ungepiga simu ukaniuliza kwa nini sijabonyeza," Miwani alisema polepole, "ningekujibu."

"Nakuuliza sasa."

"Nilikuwa nakungoja useme nibaki."

"Baki. Nikuoe, tuishi pamoja."

Miwani alimshika mkono, akaubana kifuani, akalia bila sauti. Kwa muda fundi alidhani amekubali. Kisha akauachia.

"Wiki tatu nzima nimelisubiri neno hilo, laazizi. Nimeshatoa ahadi kule, na sitaki kuondoka nikikuchukia. Nishikie boksi hili nilifunge. Gari linafika saa nne."

Fundi alipiga magoti sakafuni, akalishika.