Pumzi ya Chumba cha Nyuma

Karatasi ya chujio ilitoka kwenye mashine ya kuvuta hewa ikiwa imelowa.

Mumbe aliitazama, kisha akaangalia dari. Hapakuwa na mvujo. Yeye na mwenzake Nzioka walikuwa wamepanda hadi kijiji cha Werugha kupima radoni, hewa isiyoonekana inayopenya kutoka kwenye miamba na kuacha chembe za mionzi ndani ya nyumba. Nyumba ya Gertrude iliegemea jabali, na mjukuu wake Shanice, aliyelala chumba cha nyuma, alikuwa anakosa pumzi.

"Mashine imevuta nini?" Gertrude alinong'ona, ingawa ulikuwa mchana.

"Hewa tu, mama."

"Hicho chumba kinapumua, mwanangu. Mtoto akivuta, ukuta nao unavuta. Mchungaji ameomba mpaka akaacha kuja."

Mumbe aliiweka karatasi kwenye kipimo. Mionzi ilikuwa kidogo sana. "Si hii inayomuumiza mtoto," alisema.

"Hata hospitali walisema mapafu ni safi."

Wakateremka hadi mjini Voi na karatasi yao. Chembe zile hufa upesi. Walipofika ofisini, kipimo kilipaswa kuonyesha karibu sufuri. Kilikuwa kimepanda. Nzioka akaweka karatasi mpya, kikashuka. Akairudisha ile ya Werugha, na ofisi nzima ikanuka pango na maziwa yaliyochacha, na namba zikaanza kupanda na kutulia, kupanda na kutulia, mpaka Mumbe akagundua kwamba zinapanda kila anapovuta pumzi, akaibana, nazo zikasimama zikimsubiri, na alipozidiwa akavuta, zikaruka zote kwa pamoja.

"Tuirudishe huko," Nzioka alisema kwa sauti ya chini. Tayari alikuwa ameshika funguo za gari.

Simu ikalia. Ni Gertrude.

"Mwanangu, sijui mlifanya nini. Shanice amelala, anapumua vizuri kabisa. Ukuta umenyamaza. Kama kuna kitu mlibeba, nakuomba, msikirudishe."

Mumbe alimfikiria mtoto yule. Akakata simu, akamtikisia Nzioka kichwa.

Waliifungia karatasi ndani ya kisanduku kizito cha chuma. Nzioka akachukua kipimo cha mkono, akakielekeza kwenye kisanduku. Kimya. Akakipitisha mezani, sakafuni, ukutani. Kimya. Akamgeukia Mumbe, na kipimo kikaanza kulia, polepole, kikifuata kifua cha Mumbe kikipanda na kushuka.

Nzioka alirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagusa mlango.